Jiwe la Stendi

Himo nilitoka saa kumi na moja jioni,
tenki nusu, gunia la vitunguu nyuma
nimelifunga kwa mpira wa tairi kuukuu.
Macho mawili niliyatumia kama manne.
Mbele yangu fuso la mahindi likiyumba
kama mtu anayetoka msibani amelewa;
sikulipita. Nilikaa nyuma yake, nikameza moshi wake,
nikangoja hadi barabara iliponyooka.

Uchira upepo ulinipiga ubavuni,
vumbi likaingia hadi kwenye meno.
Nikashusha gia, nikabana magoti kwenye tenki,
nikaongea na chuma kwa viganja: taratibu, mama, taratibu.
Mbwa akakatiza. Nilimwona kabla hajaamua kukatiza.
Mtoto wa shule akakimbilia mpira. Nilimwona.
Dereva wa Noah akafungua mlango bila kutazama,
naye nilimwona, na tusi lake nililiacha palepale lamini,
halikuwa na nauli ya kupanda nami.

Kiboriloni nikaiaga lami.
Nikaanza kupanda Tsuduni, gia ya pili,
migomba kulia, migomba kushoto,
mlima umejifunika shuka, hauna habari na mtu.

Hapo ndipo nilipofika
kabla sijafika.

Nikaanza kuhesabu hela ya vitunguu.
Nikanusa kiburu cha Aikande, nikajua maharage yameiva.
Nikalegeza mkanda wa helmeti kwa mkono mmoja
na kwa mkono huohuo nikampungia Ndeshi,
mwanangu, miaka sita, anarukaruka langoni.
Hatua ishirini. Labda kumi na nane.
Gurudumu la mbele likauingia mfongo,
mfongo aliouchimba baba yake babu yangu,
ambao nimeuruka tangu sijaota meno ya pili,
ambao naujua kuliko jina langu la ubatizo.

Vitunguu vilitangulia nyumbani,
vikibingirika kimoja kimoja hadi miguuni pa mtoto.
Ekzosi ikanigonga muhuri kwenye shavu la mguu.
Huu hapa, haujafutika.

Mawenzi, benchi la mbao, plasta ya wiki sita.
Daktari kijana ananiuliza, kalamu mkononi:
"Ajali ilitokea barabara gani?"
Nikatafuta jina la kumpa, nikakosa.
"Kwangu," nikasema. "Mlangoni kwangu."
Akanitazama kidogo, kisha akaandika.

Fundi Mtenga, aliyenifundisha kuendesha,
mtu wa maneno machache na mikono ya grisi,
aliwahi kuniambia: "Pikipiki haijui kwenu."
Nilicheka. Nilidhani ni utani wa gereji.
Haijui kwenu. Haijui kwamba lango hili ni lako,
kwamba huyu anayeruka ni damu yako,
kwamba umechoka, na chakula ki tayari.

Nilimchumia Aikande jani la isale, kuomba radhi.
Alilipokea, akalichomeka dirishani.
Limekauka pale. Hajasema kama amenisamehe.

Siku hizi mfongo nauamkia kama mkwe,
kwa heshima, na kwa umbali wake.
Ndeshi nampigia honi; mikono ina kazi.
Hela za mzigo nitazihesabu kitandani.
Mkanda haulegei mpaka injini inyamaze.
Nyutro. Ufunguo. Mguu wa kushoto chini.
Naye anakuja mbio na jiwe lake bapa
alilolichagua mwenyewe mtoni,
maana udongo wetu ni laini, humeza stendi.
Analilaza. Anakanyaga kupima.
Anasukuma kiti kwa kidole kimoja,
uso umekunjamana kama wa fundi.

Nami bado nimekaa juu, sijashuka,
chuma kinapoa chini yangu, tik, tik,
nangoja aseme.

"Imekaa, baba."